Benchi ya Mwisho

Mwaka jana walituletea vioo. Ndivyo ninavyoviita mimi, wenyewe wanasema tableti. Kijana mmoja alitoka Bujumbura na masanduku mawili, akatukusanya walimu wa hapa Rumonge katika darasa moja, akatugawia kila mtu cha kwake. Akaweka mikono kiunoni kama bwana harusi, akasema, "Leo, kwa mara ya kwanza, mwalimu ataweza kuona jibu la kila mutoto kwa wakati mumoja, somo likiwa bado linaendelea."

Mara ya kwanza! Nilimtazama kijana yule nikasema moyoni, mwanangu, hilo unalolisema nililifanya mimi wakati mama yako alikuwa bado hajaolewa. Nilinyamaza lakini. Nina umri sasa, nimejifunza kunyamaza hata pale ambapo sitakiwi, na hilo ndilo linalonifanya niandike habari hii yote.

Kisha akasema, "Na kama mutoto haone vizuri, anafanya hivi." Akaweka vidole viwili juu ya kioo, akavipanua, na zile tarakimu zikakua mpaka zikajaa kioo kizima. Wenzangu walicheka kwa furaha, wakaanza kupanuapanua vidole vyao. Mimi nilisukuma benchi nikatoka nje. Wakasema mama huyu hapendi vitu vya kisasa, ameshazeeka. Waache waseme. Hasira yangu ilikuwa kwa ajili ya msichana mmoja wa darasa la sita, miaka ya vita, ambaye vidole vile viwili vingemtosha. Vidole viwili tu, wallahi! Badala yake alikuwa na mimi.

Miaka ile barabara ya kando ya ziwa ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Magari ya Bujumbura yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na chochote ulichokihitaji, chaki, karatasi, dawa ya mtoto, kilisubiri msafara. Milima iliyo juu yetu ilikuwa inalia bunduki. Watu walishuka kutoka huko na magodoro vichwani, wakajaa katika kambi pembeni ya mji. Wengine walikuja kutoka upande wa Kongo, nao wakikimbia vita vyao. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Waswahili, babu yangu alikuja hapa kufanya biashara tangu zamani za Wabelgiji, nikapata cheti cha ualimu, nikapewa darasa la sita. Lilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Wa mjini, wa kambini, wa Kongo, wote wamebanana wanne wanne kwenye benchi ya watu wawili.

Nilikuta wana ugonjwa mmoja, wote. Ugonjwa wa sijui.

Watoto wale walikuwa wamefundishwa na mwalimu mwingine kabla yangu, na mwalimu huyo ni bariyeri ya barabarani. Mtu mwenye bunduki anakuuliza, watu wamepita hapa? Sijui. Baba yako iko wapi? Sijui. Munamupikia nani chakula? Sijui. Ukisema ndiyo ni taabu, ukisema hapana ni taabu, lakini sijui inakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Sasa mimi naingia na chaki yangu nauliza nane mara saba, nani anajua? Wananitazama mikononi, si usoni. Mikono iliyoinuka ilikuwa mitano, ile ile kila siku, ya watoto wa benchi za mbele. Wengine wote walikuwa wanasubiri swali lipite, kama unavyosubiri gari la askari lipite.

Na hizo benchi za mbele, lazima nizieleze, maana ndizo zilizoniharibia maisha. Direkta wetu, mkuu wa shule, alikuwa na utaratibu wake. Kila mwisho wa muhula alisimama uwanjani mbele ya wazazi, akasoma majina kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sauti, na pointi zake. Wa kwanza anapigiwa makofi, wa mwisho anapigiwa kicheko. Halafu, tunaporudi darasani, watoto wanakaa kwa namba. Kumi wa kwanza mbele, karibu na ubao. Wa mwisho nyuma kabisa, kwenye benchi iliyoegemea ukuta, na hapo anakaa mpaka muhula mwingine. Direkta aliita jambo hilo nidhamu. Aliringia benchi zake kuliko mtu anayeringia ng'ombe. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, nilikaa mbele, na sikuwahi kujiuliza nyuma kunaonekanaje. Hiyo nayo inanikasirisha.

Basi kwa ajili ya ule ugonjwa wa sijui nikakumbuka vibao vya mkononi tulivyotumia kwa masista nilipokuwa mdogo. Ardwazi. Ukiuliza, kila mtoto anaandika, kila mtoto anainua, unaona wote kwa jicho moja. Nikaenda kwa direkta. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Madamu, sina hata karatasi ya kufungia chumvi, wewe unataka ardwazi?"

Sawa. Nikaenda ufukweni kwa mafundi wanaotengeneza mitumbwi ya kuvulia ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikawaomba vipande vya mbao vinavyobaki. Walinipa gunia zima, murakoze sana kwao. Rangi nyeusi tuliitoa katika mawe ya redio, zile betri. Wakati wa vita kila nyumba ilikuwa inasikiliza habari, asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo mawe yaliyokwisha yalikuwa yamejaa kila jalala. Watoto waliyaokota, tukayapasua, tukatoa unga mweusi wa ndani, tukauponda na majani ya matembele mpaka ukashika, tukapaka mbao. Siku mbili mikono ya darasa zima ilikuwa myeusi kama ya wachoma makaa. Mama mmoja alikuja kunigombeza kwamba shati la mwanawe halitakati tena, nikamwambia dada yangu, shati litatakata, kichwa je? Akaondoka amenuna.

Chaki nayo ilikuwa hesabu ya direkta, vijiti viwili kwa wiki. Tukaandikia muhogo mkavu. Unakata kipande chembamba, kinaandika vizuri, cheupe kabisa. Taabu yake ni moja tu, inapofika saa tano njaa inauma, na nusu ya chaki ya darasa inakuwa imeshaliwa. Nilikuwa nauliza, chaki yako iko wapi? Mtoto ananitazama na shavu limevimba.

Niliwafundisha hivi. Nikigonga meza mara ya kwanza, andika. Mara ya pili, kibao kifuani, macho kwangu. Mara ya tatu, inua. Siku ya kwanza shingo zilikuwa ndefu ajabu. Kila mmoja alikuwa anachungulia mwenzake ameandika nini, si kwa uvivu, ni kwa hofu. Katika maisha yao, wa kwanza kujitokeza ndiye anayepigwa. Ndiyo maana nikaweka lile pigo la pili. Kibao kikiwa kifuani hakuna wa kwanza. Wote wanainua pamoja, na mtu akikosea, amekosea katikati ya themanini. Mimi naona. Jirani yake haoni. Halafu nasema, "Futeni," wanafuta kwa kiganja, na kosa limekwisha, halikuandikwa popote, halitasomwa uwanjani na mtu yeyote.

Walilipenda hilo neno, futeni. Ndani ya mwezi mmoja sijui ilianza kupungua. Nilikuwa nauliza, natazama, naona theluthi wamekosa, narudia pale pale, kwa Kifaransa, kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kama kuna mtoto wa Kongo bado amekunja uso namwambia jirani yake amweleze. Zamani nilikuwa nangoja mtihani wa mwisho wa muhula ndipo nijue kwamba hawakuelewa kitu cha wiki ya pili. Ni sawa na kuonja mboga baada ya wageni kuondoka.

Msichana huyo alikuwa kwenye benchi ya mwisho, ukutani. Alikuwa wa kambini, ameshuka na bibi yake kutoka upande wa Bugarama. Wazazi sikuuliza, na hakuna aliyekuwa anauliza. Miaka kumi na minne, mrefu, kitambaa cha kijani kichwani kila siku. Alikuwa anarudia darasa la sita, na kurudia mara nyingine hakukuruhusiwa. Safari hii akifaulu konkuru, ule mtihani wa taifa, angepata nafasi ya sekondari ya bweni, angeondoka kambini. Akikosa, kulikuwa na mtu mmoja wa Kizuka aliyefiwa na mke, mwenye michikichi na kikamulio cha mawese, aliyekwisha kumwambia bibi yake kwamba anamtaka. Mwanamume wa umri wa baba yangu. Bibi alinieleza mwenyewe, tumesimama mlangoni pa darasa. "Amahoro, madamu. Huyu mutoto, kama masomo yanamukataa, unambie mapema. Yule mutu hatangoja."

Mtihani wa muhula wa kwanza alikuwa amepata mbili juu ya ishirini katika hesabu. Walimu wenzangu walisema kichwa chake ni kizito. Na mimi, nikiri, nilikubali.

Sasa siku moja niko na vibao. Niliuliza kwa mdomo, bidoni tatu za mawese, kila moja lita ishirini, umeuza nusu, zimebaki lita ngapi? Pigo, pigo, pigo. Kule ukutani, thelathini. Sawa kabisa. Nikauliza nyingine kwa mdomo, ngumu zaidi. Sawa. Nikaandika ubaoni 36 mara 5. Kule ukutani akainua 190. Nikasema aa, amebahatisha zile za mwanzo. Nikaandika 63 toa 25. Akainua 58.

Nilisimama pale kama niliyepigwa kibao. Kama ingekuwa karatasi ya mtihani ningeweka msalaba mwekundu mara mbili na kuendelea, na msalaba hausemi kitu. Lakini ile 190 ilikuwa imeinuliwa mbele ya macho yangu, na ilikuwa inanisumbua. 190 si jibu la mtu asiyejua kuzidisha. 190 ni 38 mara 5, imezidishwa vizuri kabisa. Na 58 ni 83 toa 25. Mtoto huyu alikuwa anafanya hesabu sawasawa, ila si hesabu niliyoiandika mimi. Sita yangu yeye alikuwa anaiona nane.

Nikamwita. "Njoo mbele. Simama hapo. Unasoma nini?"

"Sijui, madamu."

"Sogea hatua moja. Sasa?"

"Sijui."

"Sogea tena."

Alifika karibu kabisa, hatua mbili kutoka ubaoni, na uso wake ukafunguka. Akasoma mstari wote, haraka, kama mtu anayeogopa utaondolewa. Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini hukusema siku zote hizo kwamba huoni? Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilifikiri watu wote wanaona hivyo," akasema.

Watoto wakacheka, na yeye akacheka. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha shule. Maana hebu fikiria. Haoni, kwa hiyo anakosa. Anakosa, kwa hiyo anapelekwa nyuma. Nyuma haoni zaidi, kwa hiyo anakosa zaidi, na sisi walimu tunakaa pembeni tunasema kichwa kizito. Utaratibu gani huo? Nani mwenye akili anaweza kubuni kitu kibaya kama hicho na kukiita nidhamu?

Miwani haikuwapo. Labda Bujumbura, na Bujumbura ilikuwa mbali kama mbinguni. Dawa ilikuwa moja, benchi ya mbele. Nikamhamisha siku ile ile. Kwa majuma kadhaa yule msichana alikula hesabu kama ndagala. Kibao chake kilikuwa kinainuka hakitetemeki. Akaanza hata kunitania, nikikosea ubaoni anakuna kitambaa chake na kusema polepole, "Madamu, hiyo sita iko nane."

Halafu mzazi wa mtoto aliyesogezwa nyuma, mfanyabiashara wa pale sokoni, alikwenda kwa direkta. Direkta akaniita.

"Nani amekupa ruhusa ya kuvunja namba?"

Nikamweleza yote. Macho, sita, nane, benchi. Nilibeba na kibao kumwonyesha. Akakishika kwa vidole viwili kama kitu kilichotoka jalalani. "Huu ni muchezo," akasema. "Pointi ziko wapi? Umeandika wapi? Kitu kinafutwa, kinaonyesha nini kwa inspekta?" Nikasema kinanionyesha mimi, si inspekta. Akatabasamu. "Madamu, kule milimani kuna shule haina mwalimu. Nafasi iko wazi. Unapenda hewa ya mulimani?"

Nilielewa. Barabara ya kwenda kule ilikuwa imemeza watu wawili niliowajua. Nami nilikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Nikashusha macho, nikachukua kibao changu. Darasani aliniachia nimkalishe yule msichana mbele, ila mtihani wa shule wa mwisho wa mwaka, akasema, kila mtu kwenye namba yake. Na mtihani huo ndio uliokuwa unachagua, maana direkta alipeleka kwenye konkuru wale tu walioufaulu, ili shule yake isionekane ina watoto wanaoanguka. Maswali yaliandikwa ubaoni. Karatasi za kuchapa zilikuwa zimekwama pamoja na msafara.

Siku ya mtihani tulibadilishana madarasa, mimi kwa watoto wa mwenzangu wa darasa la sita la pili, yeye kwa wangu. Nilimwomba, mwenzangu, usome maswali kwa sauti, mara moja tu. Akasema direkta amekataza, darasa la sita wanajua kusoma. Akaingia, akafunga mlango. Kupitia dirisha nilimwona yule msichana amekaa ukutani, amekunja macho mpaka yamekuwa mistari, anautazama ubao ambao kwake ulikuwa ukungu mtupu.

Madarasa yale mawili yalikuwa yametenganishwa na ukuta usiofika juu. Ungeweza kurusha mpira ukaangukia upande wa pili. Na maswali yalikuwa yale yale. Nikaingia katika darasa nililopewa, nikasimama kando ya ukuta ule, nikasema, "Watoto, mimi nawasomea." Nikasoma. Swali la kwanza, mara tatu. La pili, mara tatu. Nilisoma kama mwadhini, mishipa ya shingo imenisimama. Watoto wa darasa lile waliniangalia kama nimepata wazimu. Nilisoma maswali yote kumi, na kila nikimaliza moja nilingoja, na nilikuwa najua kwamba upande wa pili kuna mtu anaandika.

Alipata kumi na sita juu ya ishirini.

Direkta alipoona namba hiyo kwenye karatasi ya mtoto wa benchi ya mwisho, hakufurahi, alikasirika. Alituita ofisini watatu, msichana, bibi yake na mimi. Yeye amekaa, sisi tumesimama. Karatasi iko mezani.

"Ulikuwa unaona ubao?" akamuuliza.

Msichana alinitazama. Mara moja tu, haraka. Kisha akatazama mikono ya direkta.

"Sijui."

"Nani alikupa majibu?"

"Sijui."

"Kuna mutu alikusomea?"

"Sijui."

Alikuwa ananilinda! Alikuwa amesikia habari ya ile nafasi ya mlimani, kambini kila kitu kinasikika. Alijua kwamba akisema neno moja tu, madamu alisoma, mimi na mwanangu tutapandishwa barabara ile. Ndipo akatoa ile silaha moja aliyokuwa nayo, ile niliyokuwa nimemaliza mwaka mzima nikimnyang'anya.

Direkta akanigeukia. "Na wewe? Ulimusomea?"

Neno lilikuwa dogo. Ndiyo. Ndiyo, nilimsomea maswali, si majibu, majibu ni yake, mpe kibao sasa hivi, muulize chochote kwa mdomo, uone. Sentensi hiyo nimeisema maelfu ya mara tangu siku ile. Nimeisema nikichambua mchele, nimeisema nikiwa msikitini, Mungu anisamehe. Siku yenyewe nilisema, "Niliwasomea watoto waliokuwa mbele yangu. Kama yeye alisikia, sijui."

Sijui. Mimi!

Direkta akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya kumi na sita, akaandika sifuri. Na bibi yake, ee Mola, bibi yake aliinama kidogo akamwambia, "Murakoze." Alimshukuru. Kwa kuwa alikuwa amezoea kumshukuru kila mwenye meza. Wakatoka. Msichana alikuwa na kibao chake kwapani, akakiweka taratibu mlangoni pa darasa langu, juu ya vingine, na majuma mawili baadaye nikasikia ameshapelekwa Kizuka.

Direkta alistaafu kwa heshima, walimpa kanga za mke wake na hotuba ndefu. Mimi sikuhamishwa. Nilizawadiwa hivyo. Vibao nilivitupa stoo kwa hasira mwaka mzima uliofuata, yaani niliwaadhibu watoto themanini kwa kosa langu, kisha nikavirudisha, na benchi zangu sijawahi tena kuzipanga kwa namba, hata walipokuja madirekta wengine wawili kunipigia kelele.

Kwa hiyo vioo vya kijana yule, nasema ukweli, ni vizuri. Jioni ile nilirudi ndani, nikamwuliza, hiki kinanionyesha mtoto amekosa tu, ao kinanionyesha ameandika nini? Akasema kinaonyesha alichoandika. Nikamwambia basi usiwafundishe watu kuangalia nyekundu na kijani peke yake. Wafundishe kusoma kosa. Akaandika hilo kwenye daftari lake, kijana mwenye adabu.

Mwezi wa tisa mwaka huu nilikuwa mezani naandikisha watoto. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Akafika mama mmoja mrefu, mikono ina rangi ya mawese, ameshika msichana mdogo. Sikumjua. Nikauliza jina la mtoto, nikaandika. Nikauliza kama ana ugonjwa wowote.

"Haone mbali," akasema. "Ukiandika sita, ataona nane."

Kalamu ilisimama. Nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama usoni, si mikononi.

Nikaanza kusema maneno, sijui hata yalikuwa maneno gani, kwamba nilisoma siku ile, kwamba nilisoma kwa nguvu zangu zote, kwamba nilikuwa na mtoto mchanga. Akaningoja nimalize. Hakuwa na hasira. Mimi ndiye niliyekuwa nayo kwa ajili yetu wote wawili.

"Kusoma ulisoma, madamu," akasema. "Nilisikia yote. Kusema ndiyo haukusema."

Watu wa nyuma walianza kulalamika kwamba foleni haiendi. Nikamwandika binti yake benchi ya kwanza, upande wa dirisha.